Likizo Hii, Mwacheni Mtoto Apige Ndoo

Hotuba kwa wazazi, walezi na walimu wa madarasa ya awali, Chamwino, Dodoma, wiki ya kufunga shule kwa likizo ya Juni

Mwenyekiti wa kamati ya shule, mwalimu mkuu, walimu wenzangu, wazazi, walezi, na kina bibi mliokaa kule nyuma penye upepo: Mbukwenyi!

Walioitika vizuri ni kina bibi. Sisi wengine tumeitika kama watu wanaodaiwa ada. Haya, tusogee mbele.

Kamati imeniomba niseme namna ya kumfundisha mtoto mdogo mdundo wa muziki nyumbani wakati wa likizo, kwa michezo isiyogharimu kitu. Nimefundisha muziki watoto wa awali na wa darasa la kwanza maisha yangu yote ya kazi, na nikiambiwa nifupishe niliyoyaona nitasema hivi: mtoto haupati mdundo kwa kuelezwa. Anaupata mwilini, akicheza na mtu ambaye mwenyewe hayumbi. Kazi yako likizo hii, mzazi, ni kuwa huyo asiyeyumba. Mengine yote nitakayosema ni namna ya kulitekeleza hilo.

Nianze na mtoto mchanga, maana wapo wanaodhani habari hii inamhusu aliyekwisha kuvaa sare. Mwaka 2005 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, Jessica Phillips-Silver na Laurel Trainor, walichukua watoto wa miezi 7 wakawasikilizisha mdundo usio na mkazo popote, mapigo yote sawasawa. Nusu ya watoto walirushwarushwa mikononi kila pigo la pili, nusu kila pigo la tatu. Baadaye wakasikilizishwa mdundo uleule, safari hii umetiwa mkazo. Waliorushwa kwa mbili wakavutiwa zaidi na mkazo wa mbili, waliorushwa kwa tatu wakavutiwa na wa tatu. Masikio yao yalikuwa yamesikia kitu kimoja; mwili ndio uliowaambia kama ni mbili au ni tatu. Na watoto ambao walikaa tu wakimwangalia mtu mzima akirukaruka hawakuondoka na kitu.

Sasa kina mama wa Chamwino, nani kati yenu hakuwahi kutwanga na mtoto mgongoni? Mtoto amefungwa kwa kanga, shavu limelala mgongoni kwa mama, mchi unapanda, mchi unashuka, na kila ukishuka mwili mzima wa mtoto unashuka nao. Jaribio la Kanada lilikuwa likifanyika katika kila ua hapa kabla ya wazazi wa hao watafiti kuzaliwa, ila hakuna aliyeandika ripoti.

Siwasemi wanaopeleka mashineni. Mimi pia napeleka mashineni. Lakini tukubali kwamba mashine ya kusaga ilipofika ilituondolea kazi, na pamoja na kazi ikaondoa somo la muziki ambalo halikuwa kwenye ratiba ya shule yoyote. Simu tunayompa mtoto ashike ili atulie hailirudishi somo hilo, hata ikiwa na katuni inayoimba kutwa, kwa sababu pale macho yanafanya kazi na mwili umekaa.

Hebu tukiangalie kinu kwa karibu. Mama mmoja akitwanga peke yake, pigo ni moja na mwanya ni mmoja: tu, kimya, tu, kimya. Akija wa pili, haingii juu ya pigo la mwenzake. Akifanya hivyo michi itagongana na mtu ataumia. Anaingia kwenye mwanya. Sasa hakuna kimya tena, ni tu-ta, tu-ta. Akija wa tatu, wale wawili wanamsogezea nafasi, muda unagawanywa upya, mnapata tu-ta-ti, tu-ta-ti. Na yule mwenye madaha, kila kijiji kina wake, anauachia mchi hewani, anapiga kofi moja, anaudaka na kushuka nao palepale alipotakiwa kushuka. Pigo la kudumu, mwanya, kupokezana, mbili kugeuka tatu, na pambo juu yake. Sijui mtu anatafuta nini zaidi katika darasa la mdundo.

Basi mchezo wa kwanza wa likizo ni huo. Huhitaji kinu cha kweli wala mchi mzito. Chimbeni kishimo kwenye mchanga, mpe mtoto kijiti kinene chenye urefu wa mkono wake, nawe shika chako. Anza wewe. Piga polepole, usiseme kitu. Mtoto wa miaka 4 ataanza kupiga pamoja nawe, pigo juu ya pigo, na vijiti vitagongana. Mwache. Hatua hiyo inaweza kuchukua siku kadhaa, na hakuna haja ya kumwambia “hapana, si hivyo, subiri zamu yako”. Ipo siku kijiti chake kitaangukia kwenye mwanya. Atakisikia kimelia peke yake, baada ya chako, kabla ya chako, na uso wake utabadilika.

Hapo ndipo wazazi wengi tunapoharibu. Mtoto amepata, mzazi anaacha kupiga ili amshangilie, anamnyanyua, anamwita baba yake aje aone. Pigo limekufa. Alichokuwa amekishika mtoto hakipo tena, kwa kuwa kilikuwa kinaishi kati ya kijiti chako na chake. Mshangilie kwa macho, mkono uendelee. Furaha ya mchezo ni kule kukaa ndani, muda mrefu, bila mtu kutoka.

Kwa nini nasisitiza mtu, na si spika? Mwaka 2009 Sebastian Kirschner na Michael Tomasello, wakiwa Leipzig, Ujerumani, waliwapa ngoma watoto wa miaka miwili na nusu, mitatu na nusu, na minne na nusu. Mara wapige pamoja na mtu, mara pamoja na mashine inayopiga ngoma, mara pamoja na sauti tupu inayotoka kwenye spika. Hata wale wadogo kabisa walishika pigo vizuri zaidi walipopiga na mtu. Mashine haikosei, mtu anakosea, na bado mtoto anamfuata mtu. Anataka kuwa pamoja na wewe. Mdundo ni njia ya kufika hapo.

Ila usimburute. Sisi watu wazima tukiambiwa tugonge meza tunavyojisikia, wengi tunaangukia karibu na mapigo 100 kwa dakika. Mtoto wa miaka 4 au 5 anagonga kwa kasi zaidi, kiasi cha 150. Ukimwanzishia mwendo wa wimbo wa msibani atakukimbia, halafu utasema hana sikio. Sikio analo, na mwendo wake anao. Mfuate yeye kwanza. Ukishakaa ndani ya mwendo wake, punguza kidogo kidogo uone kama anakuja. Akija, umepata mwanamuziki. Asipokuja, rudini kwenye mwendo wake mwendelee kucheza, hakuna aliyefeli.

Kijana mmoja pale mlangoni ameniuliza habari za singeli, ule muziki wa vijana wa Dar es Salaam. Singeli huvuka mapigo 200 kwa dakika. Watoto wanaipenda, inawachangamsha, na mimi siipigi marufuku. Lakini kwa mtoto mdogo, kukanyaga kila pigo humo ni kukimbia, si kucheza. Akanyage pigo moja, aruke moja. Mkiwachunguza mtaona wengi wanafanya hivyo wenyewe bila kuambiwa, na wanaoanguka ni wajomba.

Sasa nifike kwenye mchezo ninaoupenda kuliko yote, na hapa mniruhusu nikae kidogo.

Anayepanda treni ya zamani hapa Dodoma kuelekea magharibi anapita stesheni ambazo majina yake mnayajua: Zuzu, Kigwe, Bahi, Kintinku, Makutupora, Saranda, Manyoni. Treni ile yenyewe ilikuwa mwalimu, kwa sababu kila gurudumu lilipovuka kiungo cha reli liligonga, na behewa zima lilikuwa ngoma. Hii ya SGR, reli mpya ya kisasa, iliyoanza kufika Dodoma mwaka 2024 ni nzuri, ni ya haraka, lakini reli zake zimechomelewa zikawa kipande kimoja kirefu, hazigongi. Kwa mwalimu wa muziki ni hasara. Kwa abiria mwingine yeyote ni faida, nakubali.

Pangeni watoto mstari, kila mmoja ashike mabega ya mwenzake. Hiyo ndiyo treni. Kila hatua ni silabi moja: Zu-zu, Ki-gwe, Ba-hi. Hatua sita, stesheni tatu. Zungukeni nyumba hivyo mpaka majina yamekaa kwenye miguu. Dereva anabadilishwa kila mzunguko, la sivyo patatokea ugomvi. Siku nyingine treni hiyohiyo ipite Sa-ra-nda, Ma-nyo-ni. Hatua sita tena, ila stesheni ni mbili. Mtoto hataambiwa kwamba majina ya kwanza yana silabi mbilimbili na haya yana tatutatu. Atahisi kwamba kona imebadilika. Kwenye treni ya Zuzu jina huanza na mguu uleule kila mara. Kwenye treni ya Saranda jina moja linaanza na mguu wa kulia, linalofuata linaanza na wa kushoto. Wengine watacheka wakilihisi hilo. Acheni wacheke.

Sasa wagawanyeni treni mbili, zisimame zikitazamana. Wewe mzazi uko katikati, unakanyaga kila silabi, hubadilishi mwendo hata nyumba ikiungua. Treni ya kwanza inasema Zuzu, Kigwe, Bahi. Treni ya pili, wakati uleule, inasema Saranda, Manyoni. Kila mmoja anapiga kofi mwanzo wa jina tu. Wanaanza pamoja, wanaachana katikati, wanakutana tena mwanzoni, bila kumngoja mtu. Upande huu makofi matatu, upande ule makofi mawili, muda ni mmoja.

Hiyo tatu juu ya mbili ndiyo imelala ndani ya ngoma nyingi za Afrika. Kwa wanaosoma muziki kwa noti, mara nyingi inangojewa mpaka mwanafunzi awe amekwenda mbali. Hapa nimeiona ikichezwa na watoto wa miaka 6 ambao shida yao kubwa ilikuwa nani atapiga honi.

Kwa mtoto wa miaka 7 au 8 aliyekwisha kuzoea, kuna ngazi nyingine: afanye treni zote mbili peke yake. Anasema Saranda Manyoni. Mguu unakanyaga kwenye Sa na kwenye Ma. Mikono inapiga kofi kwenye Sa, kwenye nda, na kwenye nyo. Wazazi, hili lijaribuni usiku mkiwa peke yenu kabla hamjalitangaza mbele ya watoto.

Kintinku ni silabi tatu, nayo inaweza kuingia mahali pa Saranda mkichoka. Makutupora iacheni kwanza. Ina silabi tano, na ikiingia treni inaacha njia. Watoto wataiomba wenyewe, kwa sababu wanapenda treni iache njia.

Nimetaja ngoma za kwetu, niseme neno juu yake. Hapa Chamwino watu huja kutoka mbali kwenye tamasha la muziki wa Cigogo, wengine wakiwa na vinasa sauti, wakae juani kusikiliza muheme. Muheme ni ngoma za kina mama, zinabanwa katikati ya mapaja, na mwenye nayo anacheza huku anapiga. Wageni wote hutazama uwanjani. Mimi hutazama pembeni, ambako vitoto vya kike vimebana makopo ya rangi mapajani, vinapiga. Hakuna aliyeviita, hakuna aliyevipanga, na mara nyingi viko ndani ya pigo. Vya kiume vikikaribia vinafukuzwa. Kwangu mimi, katika mchezo wa likizo visifukuzwe. Siku ya ngoma yenyewe wenye ngoma wataamua. Marehemu Hukwe Zawose, aliyezaliwa kijiji cha Doduma mwaka 1938, akaja kuupigia ulimwengu zeze na ilimba, ala ya kupigwa kwa vidole gumba, mpaka kifo chake mwaka 2003, hakutoka kwenye shule ya muziki yenye piano. Alitoka kwenye vijiji vya namna hii.

Na ili asitokee mtu akasema haya ni mambo ya kijijini tu: karne iliyopita, walimu wakubwa wa muziki Ulaya walihangaika kuyaingiza shuleni. Émile Jaques-Dalcroze wa Uswisi aliwatembeza wanafunzi wake wapate pigo miguuni kwanza. Carl Orff wa Ujerumani alianza na maneno, makofi na kukanyaga. Zoltán Kodály wa Hungaria alishikilia kwamba mtoto aanze na nyimbo za watu wake. Tumewaheshimu, tuendelee.

Kuna mchezo mmoja wa kukaa chini, unafaa jioni, wa kupitisha mawe. Dodoma hatujawahi kupungukiwa mawe. Kila mmoja kwenye duara ana lake mbele yake, la kuenea kiganjani. Wote mnasema “chukua, weka”: kwenye “chukua” unashika jiwe lililo mbele yako, kwenye “weka” unalitua mbele ya jirani wa kulia. Mwendo ukishikika mawe yanazunguka yenyewe. Mmoja akichelewa, mawe yanarundikana kwake, na kila mtu anaona bila yeyote kunyoosha kidole. Ndiyo sababu naupenda: kosa linaonekana, halisemwi. Kwa wadogo wa miaka mitatu kushuka tumieni magunzi ya mahindi. Mbegu za ubuyu, visoda na vijiwe vidogo visikae karibu nao kabisa, vinaishia mdomoni, na mtoto akipaliwa hakuna mchezo tena.

Na kuna mchezo wa pigo la kimya, ambao ni mgumu kuliko unavyoonekana. Makofi matatu, la nne halipigwi: moja, mbili, tatu, kimya. Mtoto wa miaka 5 hawezi kungoja. Atalipiga la nne, au ataruka moja kwa moja kwenye la kwanza, maana kwake kimya ni mahali ambapo hakuna kitu cha kufanya. Mpe cha kufanya. Kwenye la nne mikono ifichwe mgongoni. Moja, mbili, tatu, ficha. Sasa kimya kina mwili, na atakingoja. Baadaye ficheni la tatu pia. Baadaye mikono isifichwe, yainuliwe tu mabega. Baadaye mabega nayo yatulie. Mtoto akifika hapo, pigo limehamia ndani na huwezi kumnyang'anya. Kuna wanakwaya wazima wenye suti ambao hawajafika, na Jumapili mnawasikia.

Kuruka kamba sitasema sana, mnakujua. Ongezeni kitu kimoja tu: kamba iwe ndefu na nzito ya kutosha igonge ardhi, isikike. Ikigonga vumbi laini hailii. Tafuteni ardhi ngumu au varanda.

Ala zitatoka jikoni. Chupa ya maji ya nusu lita, ikauke ndani kabisa, tia uwele usizidi robo. Ukijaza, punje hazina pa kukimbilia na chupa inanyamaza. Nyingine tia mtama, nyingine karanga. Uwele unanong'ona, mtama unasema, karanga zinabishana. Watoto wafumbe macho, utikise moja, waseme ni ipi. Halafu kila nafaka ipewe zamu yake, uwele kwenye pigo la kwanza, karanga kwenye la tatu. Kifuniko kikazwe na kizungushiwe utepe wa gundi, mkubwa aangalie. Ngoma ni ndoo iliyofunikwa au dumu la lita 20. Dumu lina sauti mbili, katikati na karibu na kona, na mtoto atazigundua kabla yako. Vijiti visiwe na ncha. Mwenye mtoto asiyesikia vizuri asimweke pembeni: akae peku ardhini, aweke kiganja kwenye ndoo wenzake wakipiga, kisha apige yeye. Evelyn Glennie wa Uskoti, mpigaji ngoma anayejulikana duniani, alipoteza sehemu kubwa ya usikivu akiwa mtoto, naye hupanda jukwaani peku ili ausikie muziki kwa miguu.

Najua mtakayoniambia. Kelele. Ni kweli, patakuwa na kelele. Juni hii angalau watoto watapigia nje. Upepo wa Dodoma utaipeleka nusu ya kelele kwa jirani, mkubaliane naye mapema. Desemba, tukijaliwa mvua, bati litapiga lenyewe na hakuna atakayesikia kofi la mtoto. Pangeni saa. Baada ya chai, kabla ya jua kali, inatosha. Dakika kumi au kumi na tano za mtoto aliyetaka mwenyewe ni bora kuliko saa nzima ya kulazimishwa.

Na kuna la tuisheni. Naona mabango tayari yamebandikwa, “masomo ya likizo kwa awali mpaka darasa la saba”. Mtoto wa miaka 5 ametoka shule Ijumaa, Jumatatu amerudi kwenye benchi, na mzazi amelipa. Nitalisema bila kuzunguka kwa sababu nimestaafu na hakuna wa kunihamisha: mtoto wa awali hana deni la masomo la kulipa wakati wa likizo. Anayetaka kusikia kwamba mdundo utamsaidia mtoto kusoma, nitamwambia kwamba mtoto anayeweza kukata Chamwino kwa makofi matatu, Cha-mwi-no, tayari anazisikia silabi, na mwalimu wa KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, atazikuta zimeshatenganishwa. Watafiti nao wamekuwa wakiona uhusiano kati ya kushika pigo na kujifunza kusoma. Lakini sitaki kuuza muziki kama dawa ya hesabu. Mkimchezesha treni ili apate alama, atajua. Watoto wanajua haraka sana mchezo ulio na mtihani ndani yake.

Kwa kina baba, neno moja. Wengi mnasema “mimi sijui kuimba”. Sijawaomba muimbe. Mchezo wa vijiti mchangani hauna sauti ya kuimba hata moja, na kukanyaga katikati ya treni mbili kunataka mtu mzito. Wale wanaopura mtama wiki hizi, mkiwa watu wanne mnapokezana fimbo, mwiteni mtoto asimame mbali kidogo na kijiti chake na rundo lake dogo la masuke. Hapo hampotezi muda wa kazi, na mtoto atakuwa anapura na wanaume.

Kina bibi, nyinyi nawaomba jambo tofauti. Michezo mliyocheza mlipokuwa wadogo, ya makofi na ya miguu, hiyo siijui yote na walimu wenzangu hawa vijana hawaijui kabisa. Wajukuu wakija likizo kutoka mjini, wachezesheni kwa Cigogo, hata kama hawakielewi. Mguu utaelewa. Na mjukuu akiwaletea mchezo wa shuleni kwake, mkubali kufundishwa. Mtoto anayemshikia bibi yake pigo hukaa makini kuliko anaposhikiwa.

Shule ikifunguliwa, walimu wa awali watamwomba kila mtoto aongoze mchezo mmoja wa nyumbani kwake. Hawatauliza mzazi amefundisha nini, hakuna ripoti ya kujaza. Mtoto atasimama mbele na wenzake watamfuata.

Pale nje chini ya mwarobaini kuna meza, chupa zimeoshwa na zimekauka, kuna debe la uwele, debe la mtama, na karanga alizotoa mwenyekiti mwenyewe, kwa hiyo zisiliwe. Kamati imenituma niseme kwamba pilau iko tayari, na kwamba hakuna mzazi atakayepakuliwa bila chupa inayolia mkononi. Kina mama mliobeba watoto mgongoni mtangulie.